Sampuli za madini yenye mionzi: dalili, chanzo na utatuzi, kuanzia kabatini hadi kwenye picha

Mtu anayekusanya na kupiga picha madini ya urani na thoriamu hukutana na matatizo ya aina mbili, na kosa kubwa ni kuyachanganya. Yapo matatizo yanayoletwa na mionzi yenyewe, na yapo mengine yanayoletwa na mwanga, unyevu, joto, vumbi au kifaa cha kupimia, lakini lawama huangukia mionzi kwa sababu tu jiwe lina urani. Kwa uzoefu wangu, aina hii ya pili ndiyo nyingi zaidi. Wakati huohuo, mambo mawili yanayostahili tahadhari ya kweli, yaani vumbi linaloingia mwilini na gesi ya radoni inayojikusanya mahali pasipopitisha hewa, hayana harufu, hayaumi na hayaonekani kwenye picha hata moja.

Kwa hiyo utaratibu ninaoufuata katika kila dalili iliyoelezwa hapa chini ni mmoja: badilisha jambo moja tu, pima tena, ndipo uamue. Vifaa vya kutafutia chanzo ni vichache. Unahitaji kaunta ya Geiger (kifaa kinachohesabu mionzi), karatasi moja ya kawaida, kipande cha bati la alumini chenye unene wa milimita 3, glavu za kutupa, kibano, tishu zenye unyevu na daftari. Daftari lina thamani kuliko kaunta ya bei kubwa, kwa sababu kipimo kisicho na tarehe, umbali na muda hakiwezi kulinganishwa na kingine.

Kaunta inatoa namba tofauti kila ninapoitazama

Hii kwa kawaida si hitilafu. Atomi huoza kwa nasibu, na hesabu za muda mfupi lazima zipande na kushuka. Kama wastani wa mazingira yako ni hesabu 25 kwa dakika, dakika moja ikatoa 19 na inayofuata ikatoa 31, kaunta yako ni nzima. Mtawanyiko unakadiriwa kwa kipeuo cha pili cha hesabu zote ulizopata: ukipata hesabu 25 tegemea tofauti ya takriban 5 juu au chini, lakini ukihesabu kwa dakika 10 ukapata 250, tofauti ni takriban 16, yaani chini ya 2 kwa kila dakika. Jiwe dhaifu haliwezi kutambuliwa kwa kulitazama kwa sekunde 20. Kabla ya kutoa sampuli yoyote kabatini, pima mazingira kwa dakika 10 na uandike jibu, kwani vipimo vyote vya siku hiyo vitasimama juu ya namba hiyo.

Hata hivyo, kuna kupanda kwa hesabu ambako si kwa nasibu. Kama kaunta inachachamaa kila unapowasha taa ya urujuanimno (UV, ambayo hufanya baadhi ya madini yang'ae), ondoa mawe yote chumbani, kisha washa taa hiyo ukiielekeza kwenye kaunta. Baadhi ya mirija ya Geiger, hasa ya kioo isiyofunikwa, huathiriwa na mwanga, na kila chembe ya mwanga inayong'oa elektroni ndani ya mrija huhesabiwa kana kwamba ni mionzi. Ufumbuzi ni kuufunika mrija kwa karatasi nyeusi au utepe mweusi. Nimewahi kukaribia kuandika kwenye lebo kwamba otunaiti, madini ya urani yanayong'aa kijani, hutoa mionzi zaidi inapomulikwa, jambo ambalo haliwezekani kabisa, kwa kuwa mwanga haugusi kiini cha atomi.

Kipimo cha mikrosiveti kwa saa kinatisha

Ukiigusisha kaunta na bonge la uraninaiti (madini meusi yenye urani nyingi), namba inaweza kuruka hadi makumi ya µSv (mikrosiveti, kizio cha dozi ya mionzi) kwa saa, ilhali mazingira ya kawaida ni takriban 0.1 hadi 0.2. Kabla ya kuogopa, fahamu namba hiyo imepatikanaje. Mrija wa Geiger huhesabu chembe tu, na haujui kila chembe ina nishati kiasi gani. Kubadilisha hesabu kuwa kipimo cha dozi hufanywa kwa kanuni iliyowekwa kiwandani, mara nyingi kwa kutumia miale ya gama, yaani mionzi inayopenya sana, ya sesiamu-137. Jiwe lako linatoa pia beta, yaani elektroni zenye kasi, kwa wingi, na mrija wenye ukuta mwembamba au dirisha la ulanga huzihesabu beta hizo kana kwamba ni gama, hivyo kipimo huvimba.

Jaribio ni rahisi. Pima jiwe likiwa wazi, kisha weka karatasi kati ya jiwe na mrija, kisha weka bati la alumini. Kinachopungua kwa karatasi ni alfa, chembe nzito zisizopenya mbali, ambazo huonekana tu kama kaunta yako ina dirisha jembamba. Kinachopungua kwa alumini ni sehemu kubwa ya beta. Kinachobaki ni gama, na hapo ndipo namba ya µSv inapoanza kuwa na maana. Baada ya hapo acha kupima kwa kugusisha na upime mahali unapokaa. Kwa jiwe dogo, umbali ukiongezeka mara mbili kipimo hushuka hadi karibu robo. Ikiwa mahali unapokaa kupiga picha pana 2 µSv kwa saa juu ya mazingira, na unafanya kazi hiyo saa 50 kwa mwaka, umepokea 0.1 mSv (milisiveti, yaani µSv 100), ambayo ni sehemu moja ya kumi ya kikomo cha 1 mSv kwa mwaka kinachopendekezwa kimataifa kwa watu wa kawaida. Hesabu hiyo haihusu vidole, ambavyo viko karibu zaidi na beta. Shika jiwe kwa kibano au kwa kitako chake, na usilizungushe mikononi huku ukizungumza.

Kinyume cha dalili hii ni pale mawe mawili yenye ukali tofauti kabisa yanapotoa namba zinazokaribiana. Baada ya kila hesabu mrija huhitaji muda mfupi kujirudisha katika hali yake. Muda huo ukiwa mikrosekunde 100, mrija unaosoma hesabu 1,000 kwa sekunde unakuwa umepoteza takriban sehemu moja ya kumi ya hesabu zake, na upotevu huongezeka kadiri jiwe linavyokuwa kali. Sogeza kaunta mbali hadi hesabu zishuke, ndipo ulinganishe.

Kisanduku kinaendelea kusoma baada ya sampuli kutolewa

Dalili hii ndiyo inayonipa raha kubwa zaidi kuieleza, kwa sababu saa ya ukutani inatosha kuitatulia. Umetoa jiwe, umeliweka chumba kingine, na kisanduku kitupu cha plastiki bado kinaifanya kaunta ilie. Sababu zinazowezekana ni tatu au nne, na kila moja ina mwendo wake wa kupungua.

Sababu ya kwanza ni mabinti wa radoni. Urani-238 huoza hatua kwa hatua hadi kuwa radiamu-226, na radiamu huzaa gesi ya radoni-222 yenye nusu-uhai (muda ambao nusu ya atomi huoza) wa siku 3.8. Gesi hiyo hutoka kwenye jiwe na kujaa kisandukuni, na inapooza, atomi zinazofuata si gesi tena bali ni metali zinazoganda kwenye kuta: poloniamu-218, risasi-214 yenye nusu-uhai wa takriban dakika 27, na bismuthi-214 yenye takriban dakika 20. Ukifungua kisanduku, radoni inatawanyika, lakini mabinti hao hubaki ukutani. Kwa hiyo kipimo kitashuka kwa kasi, na baada ya saa 4 karibu kila kitu kitakuwa kimekwisha.

Sababu ya pili ni thoriamu. Kama jiwe lilikuwa thoraiti au monazaiti, ambayo ni madini yenye thoriamu, gesi yake ni radoni-220, ambayo huishi kwa muda mfupi sana, nusu-uhai wake ukiwa chini ya dakika moja, lakini humzaa binti wa risasi-212 mwenye nusu-uhai wa saa 10.6. Kisanduku cha namna hii kitasoma siku nzima na kukaribia kutulia baada ya siku tatu.

Kama siku tatu zimepita na namba haijashuka, basi ni vumbi, yaani chembe za jiwe lenyewe. Chukua tishu yenye unyevu, pangusa ndani ya kisanduku mara moja kwa mwelekeo mmoja, ikunje upande uliotumika uwe ndani, uiache ikauke ndani ya mfuko wa plastiki, kisha uupime mfuko huo. Tishu ikisoma na kisanduku kikapungua, umepata jibu. Endelea kupangusa kwa tishu mpya hadi tishu ya mwisho isisome lolote. Kwenye kisanduku kilichofungwa na jiwe kali kwa miaka mingi kunaweza pia kubaki risasi-210, yenye nusu-uhai wa takriban miaka 22, ambayo hutoa usomaji hafifu usioisha. Hapo sioni haja ya kushindana nacho, kibadilishe.

Nakumbuka kisanduku kimoja kidogo, ukubwa wa kiberiti, kilichokuwa na kipande cha uraninaiti. Saa mbili usiku, mara baada ya kukifungua, kilisoma hesabu 410 kwa dakika. Saa tatu kilikuwa kwenye 170, na saa sita usiku kilikuwa 31, pale mazingira yakiwa 24. Sikupangusa kitu chochote. Kama ningekisugua kwa bidii tangu mwanzo, ningeamini kwamba sabuni ndiyo iliyosafisha, na ningeishi na imani hiyo miaka mingi.

Somo la dalili hii linagusa pia chumba. Kama kisanduku kidogo kinajaa radoni kiasi hicho, kabati lililofungwa lenye sampuli kali 30 linajaa zaidi. Fungua kabati madirisha yakiwa wazi, uondoke kwa dakika kadhaa, ndipo urudi. Usihifadhi mkusanyiko katika chumba cha kulala. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango cha rejea cha bekereli 100 (bekereli moja ni atomi moja inayooza kwa sekunde) kwa mita ya ujazo ndani ya nyumba, na kipimo cha radoni kilichoachwa chumbani kwa miezi kadhaa kitakueleza ukweli ambao kaunta ya Geiger haiwezi kukueleza.

Kaunta inalia lakini jiwe haling'ai, au jiwe linang'aa lakini kaunta iko kimya

Watu wengi hudhani kwamba mng'ao wa kijani chini ya taa ya urujuanimno ni mionzi inayoonekana kwa macho. Sivyo. Mng'ao huo ni kazi ya elektroni katika ioni ya uranili, iliyo na atomi moja ya urani na mbili za oksijeni, ambayo hupokea urujuanimno na kurudisha mwanga wa kijani. Mionzi ni kazi ya kiini. Mambo haya mawili hukutana katika jiwe moja lakini hayategemeani.

Kwa hiyo uraninaiti nyeusi inaweza kuichachamaza kaunta na isitoe mng'ao wowote. Tobanaiti, yenye vibamba vya kijani vya kupendeza, ina uranili lakini pia ina shaba, na shaba huuzima mng'ao. Hali ni hiyohiyo kwa sindano za kijani za kuprosklodoskaiti zinazotoka Musonoi huko Kongo. Thoriamu nayo hailetei madini mng'ao wa namna hiyo. Upande wa pili, haialaiti, ambayo ni opali isiyo na rangi, hung'aa kijani kikali kwa sababu ya uranili kidogo mno, na kaunta yako huenda isione tofauti na mazingira. Ukinunua kwa kutazama mng'ao peke yake, unaweza kulipia opali ukidhani ni otunaiti.

Kuna hali ya tatu iliyo ngumu zaidi: jiwe limetambuliwa sawasawa kuwa otunaiti, lina urani nyingi kwa uzito, lakini linasoma chini ya uraninaiti kuliko ulivyotarajia. Sababu inaweza kuwa umri. Sehemu kubwa ya gama na beta kali hutoka kwa mabinti waliopo baada ya radiamu, na madini ya urani yaliyoundwa upya na maji ya ardhini hayajapata muda wa kuwarudisha mabinti hao wote. Thoriamu-230 iliyo katikati ya mnyororo ina nusu-uhai wa takriban miaka 75,000, na radiamu hufuata mwendo wake. Jiwe changa kijiolojia husoma kama jiwe changa.

Kama mng'ao upo jiwe likiwa wazi na hupotea likiwa ndani ya kisanduku, tazama taa. Kioo cha kawaida na plastiki nyingi huzuia urujuanimno wa wimbi fupi la nanomita 254, lakini hupitisha sehemu kubwa ya nanomita 365. Taa ya wimbi fupi huunguza macho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, wakati umekwisha kusahau kosa lako. Vaa miwani inayokinga urujuanimno kila mara.

Picha nzima ina ukungu wa bluu au zambarau

Hapa ndipo wapiga picha wengi hukwama, na chanzo kikuu ni tochi. Tochi za bei nafuu hutoa nanomita 395, ambazo zimekaribiana na mwanga unaoonekana kiasi kwamba tochi yenyewe inaonekana zambarau. Mwanga huo hupiga jiwe, hurudi kwenye lenzi na kufunika kijani cha uranili. Hata tochi ya nanomita 365 huvujisha mwanga mweupe kidogo isipokuwa iwe na kichujio cheusi mbele yake. Mulika ukuta mweupe usio na kitu kinachong'aa: ukiona duara la zambarau au jeupe, tochi yako inavuja.

Tatizo likibaki baada ya kuweka kichujio kwenye tochi, liko upande wa kamera. Urujuanimno unaoakisiwa na jiwe huingia kwenye lenzi na unaweza kuvifanya vioo vyake au gundi iliyoviunganisha ving'ae, na matokeo ni pazia hafifu la bluu. Weka mbele ya lenzi kichujio kinachozuia kila kitu kilicho chini ya takriban nanomita 400 hadi 420. Kwa hiyo vichujio ni viwili na kazi zao ni kinyume: cha tochi hupitisha urujuanimno peke yake, cha lenzi hukataa urujuanimno peke yake. Nimeona watu wakivibadilishana na kushangaa kupata picha nyeusi.

Sababu ya tatu ni meza. Karatasi nyeupe na vitambaa vingi vimetiwa dawa za kung'arisha, nazo hutoa bluu kali kuliko jiwe. Shati jeupe la mpiga picha nalo ni taa ya bluu iliyoinama juu ya jiwe. Tumia jiwe jeusi, kioo cheusi au velveti iliyojaribiwa kwanza gizani, na uvae nguo za rangi ya giza.

Mizani ya weupe ya kamera inayojirekebisha yenyewe haiwezi kuaminiwa hapa, kwa kuwa haina weupe wowote wa kurejelea. Iweke kwa mkono, kati ya kelvini 5,000 na 6,500, uhifadhi faili ghafi, na utumie mpangilio uleule kwa sampuli zote ili mtazamaji aweze kulinganisha jiwe na jiwe.

Kijani kimekuwa doa lisilo na umbo

Otunaiti inapong'aa, karibu mwanga wake wote unaangukia mkondo wa kijani, mmoja kati ya mikondo mitatu ya rangi ya kamera. Histogramu ya jumla (grafu ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha) inaweza kuonyesha picha yenye giza ya kutosha, kumbe mkondo wa kijani umekwisha kujaa na vibamba vyote vimeyeyukiana. Washa histogramu ya mikondo mitatu na upunguze muda wa kupokea mwanga hadi kijani kiache kugonga ukuta wa kulia. Utaiona picha kuwa nyeusi kwenye skrini, lakini kingo za fuwele zitakuwepo.

Kwa tobanaiti shida ni tofauti: nyuso zake bapa huakisi taa kama vioo vidogo. Hapo weka vichujio vya polaraizi kwenye taa na kwenye lenzi, uzungushe cha lenzi hadi mng'aro ulainike bila kuuzima kabisa, kwa sababu kibamba kisicho na mng'aro wowote huonekana kama rangi iliyopakwa.

Picha ina nukta za bluu, na nyingine nyeupe

Nukta au nyuzi za bluu ni pamba ya nguo na vumbi la nyumbani. Mkono wa mpiga picha hukimbilia pampu ya mpira ya kupulizia lenzi, na hapa naomba kwa dhati usifanye hivyo. Vumbi lililo juu ya sampuli ya urani lina pia chembe za sampuli, na kinachokaa nje ya mwili bila madhara makubwa hubadilika kikiingia mapafuni, ambako alfa haina tena ngozi ya kuizuia. Usipulize kwa mdomo, usitumie hewa ya kopo, usipige brashi kavu. Ondoa uzi mmojammoja kwa kibano, ukiwa na glavu na barakoa inayokaza vizuri, juu ya sinia uliyoitandika karatasi yenye unyevu. Kanotaiti, ambayo mara nyingi ni unga wa manjano uliojishikiza kwenye mchanga, iache na nyuzi zake. Futa nyuzi hizo kwenye kompyuta. Kuosha kwa maji nako si jibu la jumla, kwani andasonaiti na madini mengine ya aina yake huyeyuka majini.

Nukta nyeupe zenye ukali wa pikseli moja ni habari nyingine, na ndizo zinazosemwa sana kuwa ni mionzi inayopiga kihisi cha kamera. Jambo hilo linawezekana kifizikia. Lakini kwa jiwe la ukubwa wa ngumi lililo sentimita 30 mbele ya lenzi, kwa sekunde chache, nimeona karibu kila mara kwamba ni pikseli zenye joto, ambazo hujitokeza kihisi kinapofanya kazi muda mrefu. Funika lenzi, peleka jiwe mbali, piga picha ya giza kwa muda na ISO (usikivu wa kihisi kwa mwanga) zilezile, mara mbili. Nukta zikitokea mahali palepale katika picha zote, ni kihisi. Washa upunguzaji wa chembechembe wa muda mrefu au toa picha ya giza kutoka kwenye picha yako. Nukta zinazohama kila mara, zinazoongezeka jiwe likisogezwa na kupungua likiondolewa, hizo ndizo za mionzi.

Filamu ni kesi nyingine kabisa, kwa kuwa haijirekebishi na hukusanya kila kitu kwa wiki na miezi. Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua unururifu, yaani utoaji wa mionzi, kwa sababu chumvi za urani ziliacha alama kwenye bamba la picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi. Roli iliyokaa droo moja na uraninaiti itafanya vilevile. Hifadhi filamu chumba kingine.

Picha zilizorundikwa hazilingani

Katika ukuzaji wa karibu, kina cha ukali ni chembamba mno, na kufunga tundu la lenzi kupita kiasi hakusaidii: kwenye ukuzaji wa moja kwa moja, f/8 hufanya kazi kama f/16, na ukiendelea kufunga, mtawanyiko wa mwanga hulainisha kila kitu. Kwa hiyo tunapiga picha nyingi kwa hatua ndogo na kuzirundika, yaani kuziunganisha kwenye kompyuta kuwa picha moja yenye ukali kote. Rundo likitoa kingo mbilimbili, watu hulaumu stendi au programu.

Niliwahi kupiga rundo la picha 60 za otunaiti chini ya taa mbili za halojeni. Nilipolinganisha picha ya kwanza na ya mwisho, ukingo wa kibamba kimoja ulikuwa umeinuka kama ukurasa wa kitabu, na kipande chembamba kama kucha kilikuwa kimelala kwenye kioo cheusi chini yake. Stendi haikuwa na kosa lolote. Otunaiti ina molekuli nyingi za maji katikati ya tabaka zake, na hewa kavu au joto la taa huyaondoa, tabaka hujikunja, na madini hugeuka kuwa metaotunaiti. Tumia taa baridi za LED, na uandae kila kitu kwa jiwe la kawaida lenye ukubwa uleule: umbali, mwanga, hatua za lenzi. Sampuli yenyewe iingie dakika za mwisho. Njia hii inapunguza pia muda wako karibu na mionzi, na faida hizo mbili zinapatikana kwa kitendo kimoja.

Sampuli inapukutika, inaota unga wa manjano, au lebo inakuwa kahawia

Kupukutika kwa otunaiti hakurudishwi nyuma, kunacheleweshwa. Kisanduku kinachofungwa vizuri, mbali na jua, ndicho kinga ya kwanza. Wengine hupaka tabaka jembamba la resini ya Paraloid B-72, inayotumika pia katika makumbusho, na hilo hushikilia vibamba ingawa halizuii mionzi. Piga picha kabla ya kupaka, kwa kuwa baadaye nyuso zitang'aa kwa namna isiyo yake.

Unga wa manjano unaojitokeza juu ya uraninaiti nyeusi ni kinyume chake: unyevu umezidi. Mara nyingi uraninaiti hukaa pamoja na pairaiti au markasaiti, ambazo hewa yenye unyevu huzigeuza kuwa asidi ya salfa, na asidi hiyo hula urani na kuunda madini mapya kama zipeaiti. Unga huo ni mlaini na huruka kwa urahisi, kwa hiyo usiukwangue. Weka sampuli hiyo pakavu, pamoja na vifuko vya silika. Utaona kwamba tiba ya jiwe hili ni sumu ya otunaiti, na kwa sababu hiyo mawe haya hayapaswi kukaa kisanduku kimoja hata kama yametoka shimo moja.

Asidi hiyohiyo ndiyo huifanya lebo iwe kahawia na kuvunjika kama jani kavu, mara nyingi pamoja na harufu ya kiberiti. Weka lebo nje ya kisanduku, kwenye mfuko wake. Kwa sampuli ya Shinkolobwe, mgodi wa urani huko Kongo ambao umefungwa, karatasi hiyo ndiyo ushahidi pekee wa mahali jiwe lilipotoka, na jiwe likipoteza mahali lilipotoka limepoteza nusu ya thamani yake kwa mkusanyaji.

Begi la kamera linasoma, na picha zote zina umanjano

Umepangusa begi, umebadilisha glavu, na kaunta bado inalia upande mmoja. Kabla ya kulitupa, toa lenzi mojamoja na uzipime peke yake. Baadhi ya lenzi zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1940 na 1970 zina vioo vilivyotiwa thoriamu ili kupinda mwanga vizuri zaidi, na vioo hivyo husoma bila kuwahi kukaribia jiwe lolote. Kwa miaka, mionzi yao yenyewe huvifanya vioo kuwa vya manjano au kahawia, na umanjano huo ndio unaouona kwenye picha. Tochi ileile unayotumia kwa otunaiti, ikimulikwa ndani ya lenzi kwa siku kadhaa bila kuipasha joto, huondoa rangi hiyo taratibu. Baada ya hapo picha zitarudi na weupe wake, na kaunta itaendelea kusoma namba ileile kama mwanzo, kwa kuwa thoriamu bado imo ndani ya kioo.